Vibao vya kiangazi, na kimoja nilichokikosea

Kama uko Dar unapigwa na upepo wa bahari, shauri yako. Sisi huku Mara kiangazi ndiyo kimeshaingia. Mahindi yamevunwa, vumbi limeanza kupanda hadi kwenye nyusi, na nyumbu wa Serengeti wanajongea kaskazini kuufuata Mto Mara kama watu wanaowahi harusi. Kuanzia Julai hadi Septemba wageni watajaa Kogatende kuwatazama wakivuka mbele ya mamba. Sisi tusiokuwa na dola tunavuka kiangazi kwa njia yetu. Tunavuka kwa muziki.

Ndiyo kazi ya safu hii kila msimu kama huu. Nakuchagulia vibao, vipya na vilivyopikwa upya, vya kila namna, ili usije ukapoteza buku yako kwa fundi wa memori kadi halafu ukaenda nyumbani na makelele. Mimi si mtaalamu bwana. Nimeishia kidato cha nne, muziki sikusoma popote, nimeusikilizia kwenye vijiwe vya bodaboda na dirishani kwa jirani. Lakini sikio ninalo, na hadi mwaka jana nilikuwa natamba kwamba sikio langu halijawahi kunidanganya.

Mwaka jana likanidanganya. Nitakueleza, usiwe na haraka. Kwanza tupande gari.

Ijumaa iliyopita nilikuwa stendi ya Tarime saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naelekea Mugumu kumsalimia mjomba. Wewe unayedhani Mara yote ni joto, njoo Tarime mwezi Juni asubuhi. Milima imejifunga shuka la ukungu, makondakta wanaongea moshi unatoka mdomoni, na chai ya rangi yenye tangawizi inaisha kabla hujaipuliza. Saa kama hiyo usiniwekee singeli. Asubuhi ya baridi inataka kitu laini.

Kibao cha asubuhi nakupa Sukari wa Zuchu. Ulitoka 2021 na mpaka leo haujachuja. Ukishaumaliza, usiondoke kwa Zuchu bila kupitia Mauzauza, wa mwaka 2020, alioimba na mama yake mzazi, Khadija Kopa. Huyo mama ndiye malkia wa taarabu, na hapo utasikia sauti iliyolelewa Zanzibar ikipokezana na binti aliyekulia katika sauti hiyohiyo. Mama hafundishi na mtoto haigi. Wanapokezana tu, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Wewe unayesema taarabu ni ya bibi yako, anzia hapo.

Kama wewe ni mtu wa mapenzi ya masafa marefu, weka Ololufe Mi wa Jux na Diamond Platnumz wa 2024. Kiswahili kinakutana na Kiyoruba, na huhitaji mkalimani. Nilimwona kondakta wetu, jitu zima lenye kovu shavuni, anauimba huku anahesabu nauli. Nikasema kumbe!

Gari likajaa kama kawaida ya magari yetu, yaani watu kumi na moja na kuku wawili, tukaanza safari. Dereva alikuwa Mjaluo wa Rorya, na dereva wa Rorya hakuulizi unataka nini. Anaweka benga.

Hapa mshikaji naomba uvue kofia. Watu wengi wakisikia benga wanasema ni mali ya Kenya. Sawa, imekulia Kenya, hilo halina ubishi. Lakini mmoja wa wazee walioijenga, Daniel Owino Misiani, alizaliwa 1940 upande huu wa mpaka, Shirati. Leo Shirati iko Wilaya ya Rorya, na Rorya yenyewe ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Piga hesabu mwenyewe. Mzee alivuka akaenda kutafuta maisha, na bendi yake akaibatiza jina la kwao, Shirati Jazz. Wapenzi wake walimwita Mfalme wa Historia, kwa sababu aliimba mambo ya watu na ya serikali mpaka yakamtia matatani. Alifariki Mei 2006 kwa ajali ya gari huko Kisumu.

Sasa sikiliza gitaa lake vizuri. Lile gitaa linalodonoadonoa, kila kidole na uzi wake, na besi inayotembea mbele badala ya kukaa nyuma. Hiyo ni nyatiti, kinanda cha nyuzi nane cha Wajaluo, ambacho mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mapigo. Vijana wa zamani walichukua vidole vya nyatiti wakavihamishia kwenye gitaa la umeme. Kwa hiyo unapomwambia babu yako kwamba remiksi ni uvumbuzi wa vijana wa leo, unajiabisha. Benga yenyewe ni remiksi.

Kutoka hapo dereva alirukia Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kujitoa Simba Wanyika, Watanzania na Wakenya wakiwa pamoja. Nimeusikia ule wimbo mara ngapi sijui. Lakini usikie ukiwa dirishani, jua ndiyo linachomoza juu ya Nyamwaga, halafu uniambie kama hukumkumbuka mtu uliyemkosea. Au aliyekukosea. Weka kwenye memori kadi yako, ni mali ya kudumu.

Tulipofika Nyamongo jua lilikuwa limekomaa na vumbi la malori limetufunika, weusi wote tumekuwa wekundu. Vijana wa machimboni hawana habari na huzuni za Les Wanyika. Kwenye vibanda vya chipsi spika zinashindana. Hapa ndipo pa vibao vya mchana, na mchana ni wa remiksi.

Nianze na Yope. Innoss'B ni mtoto wa Goma, Kongo ya mashariki, anakojua Kiswahili kila mtu. Alikuwa na wimbo wake Yo Pe unaokwenda vizuri tu. Mwaka 2019 akaurudia na Diamond, ikawa kasheshe. Video ilipita watazamaji milioni 100 kwenye YouTube. Sikiliza zote mbili mfululizo utaona remiksi nzuri inafanya nini. Haikuvunja nyumba. Imeongeza chumba na mlango wa mbele.

Ya pili ni Tetema. Rayvanny na Diamond waliutoa 2019, ukatetemesha kweli. Miaka miwili baadaye Maluma wa Colombia akaingia, Kihispania kikakaa juu ya Kiswahili, ukaitwa Mama Tetema, na Rayvanny akaupandisha jukwaani kwenye tuzo za MTV za Ulaya, Budapest, Novemba 2021. Mtoto wa Mbeya! Mimi napenda zaidi ule wa kwanza, sikufichi. Lakini wa pili ni mzuri kwa kusafishia nyumba.

Ya tatu ni Komasava ya Diamond, 2024. Asili yake tu ilishakuwa na Khalil Harisson na Chley, halafu mwaka huohuo akaongezwa Jason Derulo wa Marekani. Ni wimbo wa kusalimia watu kwa lugha nyingi. Ukiwa na mgeni hujui umwambie nini, mwekee huo.

Wapenda amapiano msinune, nawajia. Muziki huu wa Afrika Kusini hauna haraka, unatembea kwenye mapigo kama 112 kwa dakika, na kazi yote iko kwenye ile ngoma ya besi inayodunda kama mtu anabisha hodi kwenye pipa. Chukua Tshwala Bam wa TitoM na Yuppe, 2024, kisha ile remiksi aliyoingia Burna Boy. Chukua na Water wa Tyla wa 2023, uliompa tuzo ya Grammy Februari 2024, mara ya kwanza kutolewa tuzo ya wimbo bora wa Kiafrika. Wa kwetu weka Hakuna Matata wa Marioo, 2024. Kiangazi bila Marioo ni sawa na kichuri bila chumvi.

Na kama jua limekupiga hadi umelala, dawa ni singeli. Muziki huu umetoka uswahilini Dar, Manzese na Tandale na vichochoro vya huko, unakwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Ndiyo, 200! Moyo wako ukifika huko utalazwa. Anza na Hainaga Ushemeji wa Man Fongo, halafu mtafute D Voice, kijana aliyetoka singeli akaingia Wasafi mwaka 2023 na albamu yake Swahili Kid. Onyo: usisikilize ukiwa unaendesha bodaboda kwenye mteremko. Najua ninachosema, goti langu linajua pia.

Basi. Tukavuka daraja la Mto Mara, tukaingia upande wa Serengeti, na mimi nikaanza kukosa amani. Kwa sababu mwaka jana, wakati kama huu, katika safu hii hii, nilikupa kibao namba moja cha kiangazi. Kama uliisoma unakumbuka. Hakikuwa na jina la msanii. Kwenye simu kiliandikwa tu "Litungu Piano". Dijei mmoja, sijui wa upande huu au wa ng'ambo ya Sirare, alichukua sauti ya mzee anayeimba kwa litungu, kile kinanda chetu kikubwa cha Kikurya chenye sauti nzito inayokwaruza kifuani, akakata vipande, akavitandika juu ya amapiano. Mzee anaita neno moja, ngoma inadondoka, anaita tena. Ile mbaya! Nililisifia kweli. Niliandika kwamba hatimaye Mara imepata wimbo wa kutesa nao, na nikawaambia msikose.

Hamkukosa. Ulipigwa Tarime, ukapigwa Mugumu, ukapigwa kwenye harusi mbili nilizohudhuria. Mimi mwenyewe niliucheza mpaka kiatu kikafumuka.

Miezi miwili baadaye mama akanipigia simu. "Nenda kamwone mjomba wako. Hana raha." Sikwenda. Si unajua tena sisi vijana, leo kesho, leo kesho. Ndiyo Ijumaa nikaenda, mwaka karibu umepita.

Nilimkuta amekaa nje chini ya mwembe, litungu limeegemezwa ukutani, limefunikwa gunia. Nikamsalimia, nikapewa kigoda, tukala ugali wa udaga na nyama ya mbuzi. Alikula bila kusema. Tulipomaliza kunawa akasema, "Mura, wewe si ndiye unayeandika magazetini habari za nyimbo?"

Nikasema ndiyo mjomba.

"Ule wa sauti yangu ulisema ni mzuri."

Msomaji, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya Tarime ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimeicheza sauti ya mjomba wangu mwaka mzima nisiitambue! Nilimzoea akiimba mbele yangu, polepole, amekaa, sikumzoea akiwa amekatwakatwa na kuharakishwa.

Akanieleza. Wimbo ule aliuimba kwenye matanga ya mdogo wake, usiku wa pili, watu wamekaa kuzunguka moto. Ni wimbo mrefu, robo saa nzima. Anamtaja marehemu, anawataja baba na babu zake, anataja ng'ombe waliochunga pamoja wakiwa wadogo na mto waliovuka. Kijana mmoja alikuwa na simu, akarekodi. Hakuna aliyemkataza, nani angejua? Na lile neno ambalo dijei alilirudiarudia, lile ambalo mimi na wewe tulilipokea kwa mikono juu, ni jina la marehemu. Mjomba alikuwa anamwita nduguye aitike.

Siku aliyoisikia remiksi alikuwa Mugumu mjini, ameuza mbuzi, ameingia baa kunywa bia moja. Ukapigwa. Watu wakanyanyuka. Kila mzee akiita jina la mdogo wake, baa nzima inaruka. Aliiacha bia nusu akatoka. Tangu siku ile hakuligusa litungu.

Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Hela sikatai mura, mimi si mjinga. Lakini kilichoniuma si hela, wala si kucheza. Hata baba yangu walimcheza matanga. Kilichoniuma ni kwamba wanamwita, halafu hawajui wanamwita nani."

Kesho yake, Jumamosi, kanisa la Wasabato jirani lilikuwa linafungulia kwaya kwa spika tangu asubuhi. Hapa nikupe vibao vya Sabato haraka: Kwetu Pazuri wa Ambassadors of Christ wa Kigali, na Mkono wa Bwana wa Zabron Singers wa Kahama. Hata kama wewe si mtu wa kanisa, zile sauti zinavyopangwa zinatuliza. Mimi nilihitaji kutulizwa.

Nikaenda stendi ya Mugumu kwa kijana mmoja anayeingiza nyimbo kwenye simu. Ana kompyuta yake, mwavuli, na foleni ya wateja. Nikamuuliza ule wimbo kaupata wapi. Akasema kwa mwenzake wa Tarime. Nikampigia wa Tarime, akasema kaletewa Sirare kwenye flashi. Wa Sirare akasema ulitoka Isebania, au pengine ulienda Isebania ukarudi. Hapo uzi ukakatika. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, na COSOTA iliundwa kwa sheria hiyohiyo ili mwenye wimbo apate chake. Lakini mjomba hajasajili chochote, na huyo dijei hana jina. Utamshitaki nani, flashi?

Na usije ukadhani nimekuwa adui wa remiksi. Hapana. Mkumbuke Saida Karoli, dada yetu wa Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa. Mwaka 2001 alitikisa nchi na Maria Salome, anaimba Kihaya na kila mtu anafuata asichokijua. Halafu akapotea masikioni. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakautengeneza upya, ukaitwa Salome, na vijana waliozaliwa juzi wakaanza kuuliza mwenyewe ni nani. Waliweza kuuliza kwa sababu jina lilikuwepo. Mwaka 2017 Saida akarudi na Orugambo. Hiyo ndiyo remiksi ya kiungwana. Ukiisikiliza unarudishwa nyumbani kwa mwenye wimbo, na mwenye wimbo unamkuta.

Na kwa kuwa tunazungumzia nyimbo zinazokatwa na kuunganishwa, kuna nyingine nazikataa hadharani. Desemba inakuja. Tarime na Serengeti tunajua Desemba ni msimu wa nini, na tunajua kuna vijana wanaochukua nyimbo za jando wakaziwekea mapigo mapya, na ndani yake wanawatukana wasichana ambao hawajakeketwa. Dansi zuri, maneno sumu. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na Masanga na Mugumu kuna vituo ambavyo wasichana hukimbilia msimu huo, wengine usiku kwa miguu. Mwenzangu, kama wimbo unamfanya binti wa darasa la saba akimbie nyumbani kwao, huo hauchezwi. Fundi akikuwekea, ufute. Nimemaliza.

Turudi kwa mjomba. Jumamosi jioni nilirudi nikamwambia ukweli. Dijei sijampata, hela sijapata, na sitegemei kupata leo wala kesho. Nikamwambia ninachoweza. Nina simu nzuri kuliko ile ya siku ya matanga. Aimbe tena, wimbo wote, aanze kwa kusema jina lake na jina la marehemu. Mimi nitaupeleka stendi ya Mugumu na ya Tarime na Sirare, uwekwe bure kwa kila anayeitaka ile remiksi.

Akaniangalia muda mrefu. "Nani atasikiliza robo saa?"

Nikasema mjomba, hilo sijui.

Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaenda akalifunua litungu, akakaza nyuzi, akalaumu panya. Nyuzi moja ilikuwa imelegea kabisa, ikabidi tusubiri aishughulikie mpaka giza likaingia. Halafu akaanza. Shangazi akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Majirani wakaja mmoja mmoja, wakakaa chini. Alipofika kwenye lile jina, akaliita mara moja tu. Akanyamaza, vidole vikaendelea peke yake, kama anampa mtu nafasi ya kujibu.

Mimi ninayeijua ile sehemu kwa miguu, nilikuwa sijawahi kuisikia.

Alipomaliza aliniambia jambo moja la mwisho, nami nalifikisha kama lilivyo kwa yule dijei, popote alipo. Kasema ile ngoma yako si mbaya. Kasema ukitaka kuirudia irudie, lakini njoo kwanza usalimie, ule ugali, ujue unamwita nani. Na jina uliandike.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, namba moja ya kiangazi hiki ni ileile ya mwaka jana, ila nzima. Inachukua robo saa. Haina ngoma ya besi. Ukifika stendi hizo tatu mwambie fundi akuwekee ile ndefu ya litungu, ile inayoanza kwa majina. Mafundi wameshakubali, mmoja kwa kuhurumia, wawili baada ya mimi kuwanunulia soda. Sikiliza jioni jua linapozama, wakati Sina Makosa imekwisha na singeli hujaianza. Ukiishia dakika ya tano sitakulaumu. Ukifika mwisho, niandikie.

Na wewe mwenye simu unayerekodi wazee kwenye matanga na harusi, sikukatazi. Bila wewe huenda tusingebaki na chochote. Ila ukibonyeza kitufe, muulize mzee jina, uliandike pale pale kwenye faili. Inachukua nusu dakika.

Ah, nilitaka kusahau. Jumapili nikirudi Tarime dereva alikuwa mwingine, akaweka Litungu Piano. Gari zima likachangamka. Nilitaka kumwambia azime. Halafu nikaona mtoto mmoja wa kama miaka sita amepakatwa na mama yake anaitika, kila sauti ya mjomba ikiita, yeye anaitika "ee!" kwa nguvu zake zote. Nikamwacha.

Wiki ijayo tutaongelea viatu vya mitumba vya Sirare na jinsi ya kutambua kama jozi ni jozi kweli. Panapo majaliwa tukutane hapa hapa. Kunywa maji, jua ni kali. Ciao!